Mwanvua Augua Mlimani

Mwanvua na mume wake Bulaimu walilima mpunga Kindu, karibu na mto Lualaba. Siku moja Mwanvua alikuwa anapepeta mchele, wapita njia wakamletea habari. Binti yao Jamila, aliyeolewa Uvira kando ya ziwa, alikuwa amejifungua.

"Baba Jamila, twende tukamuone mutoto," alisema Mwanvua.

Wakafunga mizigo, wakafuatana na msafara wa wafanyabiashara. Walipita misitu mingi. Kisha wakaanza kupanda milima ya Itombwe. Msafara ulikwenda mbio. Huko juu miti mikubwa iliisha, ikabaki mianzi na majani. Mvua iliwalowesha, na baridi ilikuwa kali.

Walilala katika kijiji kidogo, kwa Asukulu, mkulima aliyezaliwa mlimani. Asubuhi Mwanvua hakuweza kula. Kichwa kilimuuma sana, akatapika.

"Jikaze, Mama Jamila," alisema Bulaimu. "Musafara unaondoka. Tumebakiza mulima moja tu."

Mwanvua alisimama, akapepesuka kama mlevi. Bulaimu akamdaka.

Asukulu alikuwa anakwenda shambani. Aliweka jembe chini.

"Baba, usimupandishe. Huu njo ugonjwa wa mulima. Huku juu hewa iko nyepesi. Mutu akipanda mbio, mwili haupati nafasi ya kuzoea."

"Dawa yake njo nini?"

"Kushuka. Kichwa kikiuma kidogo, mutu anapumuzika pale alipo, hapandi tena mupaka apone. Lakini akitapika na kupepesuka hivi, ashuke sasa hivi. Mukimungojea hapa, anaweza kufa."

"Na musafara?"

"Uache uende. Mwingine utapita."

Watu walikuwa wamekwisha kujitwika mizigo. Bulaimu aliwatazama wakipotea kwenye ukungu. Aliogopa kubaki katika nchi ya watu. Aliogopa zaidi alipomtazama mke wake.

Mke wa Asukulu alimvua Mwanvua nguo zilizolowa, akamvalisha kavu. Bulaimu akambeba mgongoni. Asukulu alionyesha njia, wakapokezana kumbeba, mpaka wakafika chini kwa ndugu yake, penye miti mikubwa.

Jua lilipoanza kuzama, Mwanvua alifumbua macho.

"Kichwa kimepungua," alisema. "Iko uji?"

Bulaimu alitoka nje, akalia, akamshukuru Mungu.

Walikaa pale mpaka Mwanvua alipopona kabisa. Kisha Asukulu akawapandisha yeye mwenyewe. Safari hii walikwenda polepole. Walikunywa maji mara kwa mara. Kila siku walipanda kidogo, wakalala mapema, na nguo za kulalia walizifunga vizuri zisilowe.

"Mukisikia kichwa, museme," aliwaambia Asukulu. "Musifiche."

Walifika Uvira salama. Jamila alimwekea mama yake mtoto mapajani, na Mwanvua akamtazama kwa muda mrefu.

Wakati wa kurudi, Bulaimu ndiye aliyesimama njiani.

"Mama Jamila, kichwa kimeanza."

"Basi tulale hapa," alisema Mwanvua.

Walilala. Kesho yake kichwa kilikuwa kimepoa, wakaendelea. Walipofika kwa Asukulu, Mwanvua alitua mlangoni kapu la ndagala wakavu, samaki wadogo wa ziwani, na chumvi. Bulaimu alikuwa ametaka kumsaidia kulibeba tangu Uvira, lakini mke wake alikataa.

"Hii njo asante yangu," alimwambia Asukulu na mke wake. "Nilitaka niilete mimi mwenyewe, kwa miguu yangu."