Vidonge vya Baba Mkwe

Kila asubuhi Julieth alianza na ufagio. Alifagia uwanja wote wa nyumba yao pale Kwihara, Tabora, kutoka mlango wa jiko hadi mlango wa baba mkwe wake, Mzee Luhende. Kisha alichota maji, akakoroga uji, akamwamsha mwanawe Anton aende shule. Mumewe, Samweli, hakuwapo. Alikuwa Ipole kwenye mashamba ya tumbaku, na kurudi kwake ni mpaka mavuno yaishe. Kwa hiyo kazi za nyumbani zilikuwa za Julieth, za shamba zake, na ya dawa pia yake.

Hiyo ya dawa ndiyo iliyomchosha kuliko zote. Haikuwa nzito, ila haikuwa na mwisho.

Miezi minne nyuma Mzee Luhende alianguka shambani. Hospitali ya mjini walisema ana presha ya kupanda. Tena moyo wake unapiga ovyo ovyo, hauna mpangilio. Wakampa kidonge cha kutuliza mbio za moyo na kingine cha kuzuia damu isigande. Mwezi uliopita presha ilikataa kushuka, wakaongeza cha tatu, cha kuishusha.

Julieth aliviweka vyote vitatu kwenye kisosi. Alipiga magoti mlangoni, akaweka kisosi, uji na maji juu ya kigoda. Akaamkia akiwa ameinamisha macho, akaondoka. Ndivyo alivyofunzwa kwao. Mwanamke hamkodolei macho baba mkwe wake. Haingii chumbani mwake, wala hamwulizi habari za mwili wake. Na mzee naye hamwambii. Kisosi kikirudi kitupu, basi.

Na kila siku kilirudi kitupu.

Jumatatu moja alipitiliza hadi nyuma ya dirisha la mzee, ufagio ukakokota vidonge. Julieth akachuchumaa. Vingine vilikuwa vizima, vingine vimelainika kwa umande na sisimizi wamevizunguka. Alivijua kwa ukubwa wake: vilikuwa vya aina zote tatu. Akavikusanya kwenye kanga.

Akampigia mumewe.

"Baba hamezi dawa," alisema. "Anazitupa dirishani."

"Anazitupa kwa nini?"

"Nitajuaje, baba Anton?"

"Si umwulize."

"Nimwulize mimi? Nianzie wapi?"

Samweli aliijua mila hiyo. "Basi nitampigia mwenyewe," alisema.

Akampigia kweli. Julieth alimsikia mzee akijibu kule ndani: "Nameza, mwanangu. Nameza vizuri sana." Sauti ilikuwa imechoka, na katikati ya maneno alitweta.

Siku hiyo Julieth hakwenda shamba. Alijifunga kanga nyingine, akaenda kwa Mussa.

Mussa alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji. Kwao ni Kisarawe, Mzaramo. Alikuja Tabora kikazi zamani, akaoa na kujenga hapo hapo. Na kila mtu anajua kwamba Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Mtani husema lolote, na mwenzake haruhusiwi kununa.

"Shikamoo, mzee Mussa."

"Marahaba, mama Anton. Mbona uso umekukunjamana hivyo?"

Julieth akafungua kanga. Mussa alivitazama vidonge bila kucheka.

"Umefanya vizuri kuja," alisema. "Hili siyo swali lako wewe. Ni langu."

Akachukua kipimo chake cha presha, wakaongozana. Julieth akabaki jikoni akibangua karanga. Mlango wa mzee ulikuwa wazi, akasikia kila neno.

"Hodi hapa! Wewe Mnyamwezi, bado hujafa? Mimi nimeshaanza kukopa mchele wa pilau ya matanga yako."

"Pita, Mzaramo. Nife, wewe utakula kwa nani?"

"Nyoosha miguu niione."

"Niache na miguu yangu."

"Nyoosha. Mimi siyo mkweo."

Kitanda kikalia. Kisha Mussa akapiga mluzi mdogo. "Hii ni miguu au magimbi? Imeanza lini?"

"Mwezi uliopita," mzee alisema polepole. "Tangu waongeze kile kidonge. Viatu haviingii. Na nikiinuka kitandani, dunia inazunguka. Juzi juzi nilianguka chooni. Nikasema, dawa hizi zitaniua."

"Ukatupa vyote?"

"Nitajua kipi ndicho? Vyote vyeupe."

"Na hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Mkwe? Nimwambie nimeanguka chooni?"

Kule jikoni Julieth aliacha karanga. Mikono ilikuwa mapajani, imetulia.

"Babu zako," Mussa alisema, "walibeba pembe za ndovu kichwani toka hapa hadi kwetu pwani. Wewe vidonge vitatu vimekushinda. Lete mkono."

Alishika kifundo cha mkono akihesabu kwa dakika nzima. Akapima presha. Akapima tena, na tena mara ya tatu.

"Kipimo kibovu hicho," mzee alisema.

"Kipimo kizima. Moyo wako ndio unakidanganya. Unapiga mara tatu unaruka, unapiga mara mbili unakimbia. Kwa moyo kama huu hatuamini namba moja. Tunapima mara tatu, tunaangalia wastani." Akashusha pumzi. "Presha iko juu, na moyo unakimbia mno. Sasa nisikilize, maana hapa sitanii."

Sauti yake ikabadilika. "Kidonge cha presha ulichoongezewa kinaweza kuvimbisha miguu. Daktari anaijua hali hiyo, na dawa nyingine zipo. Ungesema, angekubadilishia. Dawa za presha zinaweza pia kukupa kizunguzungu ukiinuka ghafla. Kwa hiyo usikurupuke. Kaa kitandani kwanza, hesabu hadi ishirini, ndipo usimame ukishika ukuta."

"Na hicho cha damu?"

"Moyo usiopiga sawa hausukumi damu vizuri. Damu ikituama humo, inaweza kuganda. Bonge likipanda kichwani ni kiharusi. Mdomo unakwenda upande, mkono unakufa, maneno hayatoki. Kile kidonge kinazuia hilo. Na cha moyo ukikiacha ghafla, moyo unatimka, kama sasa hivi. Miguu ilivimba kwa sababu ya kidonge kimoja, wewe ukafukuza vyote vitatu."

Mussa akasimama, akakunja kipimo chake.

"Vaa shati," Mussa alisema. "Tunakwenda hospitali leo, siyo kesho. Mama Anton! Leta vidonge vyote na karatasi zake."

Walirudi jioni. Daktari alikuwa ameondoa kile kidonge cha presha, akaandika kingine. Vile viwili vya zamani alimrudishia. Alimwonya pia asinunue dawa ya maumivu dukani bila kuuliza, maana nyingine zinapandisha presha, na zikikutana na ile ya damu zinaweza kumfanya avuje damu tumboni.

Tangu hapo Mussa alipita kila asubuhi. Alimtukana mtani wake, akamtazama anavyomeza, akamkagua miguu, akaenda zake. Kwa wiki tatu uvimbe ulipungua, na mzee akaanza tena kupalilia maharage nyuma ya nyumba. Julieth alilala usingizi kidogo kuliko zamani, maana sasa alikuwa anasikiliza. Akisikia kikohozi, anasikiliza. Asiposikia kitu, anasikiliza zaidi.

Ikafika siku ambayo Mussa alikuwa msibani Ntalikwa. Julieth aliweka uji kwenye kigoda, akaamkia, akageuka kuondoka.

"Mama Anton," mzee aliita kutoka ndani.

Akasimama. Uso aliuelekeza uani. "Abee, baba."

Mzee alikohoa. Akakohoa tena. "Mussa hayupo," alisema. "Leo mwili hauna nguvu. Nikisimama, macho yanaingia giza."

Miaka tisa ya ndoa, Julieth hakuwahi kumwuliza swali la namna hiyo. "Tangu lini, baba?"

"Tangu jana jioni. Nimekaa kitandani, nimehesabu, bado."

"Umeanguka?"

"Sijaanguka."

"Basi usisimame tena, baba. Naita bajaji."

Zahanati walihesabu mapigo, wakakuta safari hii yamepungua mno. Wakamwandikia rufaa. Hospitali daktari alipunguza kidonge cha moyo. "Mmewahi," alimwambia Julieth. "Hiki kikizidi, moyo unakwenda polepole hadi mtu anazimia. Wengine wanakaa kimya mpaka wanadondoka."

Julieth aliitikia tu. Alikuwa amechoka hata kufurahi.

Asubuhi ya siku ya nne tangu warudi nyumbani, alifika mlangoni, akapiga magoti, akaamkia.

"Marahaba, mama. Nimelala vizuri," mzee alisema. "Kizunguzungu kimekwisha. Kiungulia kidogo tu, nitamwambia Mussa."

"Asante kwa kuniambia, baba."

Alitaka kuinuka, uchovu ukamshinda. Basi akakaa chini pale pale nje, mgongo ukutani. Upande wa pili mzee naye aliegemea ukuta uleule, akaanza kumwuliza habari za maharage.