Kisanduku Kitupu

Mimi si mtu wa kuogopa ovyo. Nimefunga kalenda kwenye kiwanda cha uchapaji tangu sijaolewa, harufu ya wino imeniingia mpaka kwenye nywele, na mdomo wangu wanaujua wote pale. Ila jioni ile...

Bosi wetu tunamwita Bwana Haraka, na jina limemkaa. Mwaka ule alinunua mashine mpya, na mashine ikatuharibia kazi.

Kwetu, kati ya mwaka mmoja na mwingine kuna siku moja ambayo kalenda huiacha wazi. Kisanduku kitupu, hakina namba. Siku hiyo nyumba ya ibada hufungwa, moto hauwashwi, na mtoto akizaliwa huhesabiwa wa kesho yake. Tumefundishwa tangu utotoni kwamba Mungu alipogawa siku, kila wa kuzaliwa alipata yake. Wapo waliokosa. Asiye na siku hazaliwi. Ndiyo maana kisanduku tunakiacha kitupu, wasije wakapata pa kupitia.

Mashine mpya ikakitia namba.

"Mnapenda kukuza mambo," Bwana Haraka akasema. "Nyingine zimeshafika madukani. Funga hizo zilizobaki uende nyumbani." Akaondoka zake. Mimba yangu kubwa, mgongo unaniuma, na yeye hata aibu hana.

Nikachukua wembe. Nikasema, hizi za mwisho angalau nitazikwangua ile namba.

Kwaru... kwaru... kwaru...

Ndipo nikasikia harufu. Udongo mbichi, kama wa shimo lililochimbwa sasa hivi.

"Usiikwangue."

Mzee alikuwa amesimama mlangoni. Ule mlango nilikuwa nimeutia komeo mwenyewe. Miguu peku, shati halina kifungo hata kimoja.

"Shikamoo, mama," akanong'ona.

Nikajilazimisha kucheka. "Babu, unanitania? Mimi ndiye wa kukuamkia."

"Mimi ni mdogo kuliko wote."

Akasogea mezani. Akaweka kidole juu ya kile kisanduku, taratibu, akakipapasa.

"Siku hii ni yangu. Nimesubiri sana..."

Upepo wa feni ukalifungua shati lake. Tumbo lilikuwa laini, limenyooka kama kiganja.

Hakuwa na kitovu.

Wembe ukanidondoka. Mwanangu, aliyekuwa akicheza tumboni mchana kutwa, akatulia tuli. Mzee akalitazama tumbo langu.

"Hukuniitikia," akasema. "Si kitu. Utaniitikia nikishakuja."

Sijui nilitokaje mle ndani. Nilijikuta nyumbani, viatu sina, nimemng'ang'ania mume wangu. Hakunicheka. Yeye na mama yake, ambaye ni mkunga, walizunguka mtaa mzima wakiomba kalenda wakate kile kisanduku. Baadhi ya watu waliwapa. Wengine walisema wajawazito wana mambo, wakafunga milango.

Uchungu ulinishika siku yenyewe ya kisanduku. Nilibana miguu, nikalia, nikamwomba mama mkwe anisaidie nifike kesho yake.

"Mwanangu, hili halizuiliki," akasema.

Mtoto akatoka jua likizama. Hakulia. Alifumbua macho akatutazama mmoja mmoja.

Kitovu anacho. Nimekitazama mara ngapi, hata sijui. Na nampenda, mtu asiniulize maswali. Nimemnyonyesha, nimekesha naye kwa homa, na akinilalia kifuani nasahau yote. Ila amechelewa kusema. Wenzake wa mtaani wanaita mama, wanaita baba, yeye kimya.

Mpaka leo jioni.

Nilikuwa nakunja nguo. Akaja peku, shati wazi, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

Neno lake la kwanza hilo. Mume wangu amefurahi mpaka machozi, anasema tumepata mtoto mwenye adabu. Mimi nasikia harufu ya udongo mbichi. Nguo bado ziko mkononi.

"Mwitikie basi mtoto," mume wangu anasema.

Mtoto hasogei. Ananitazama tu, anasubiri.