Damu Haisubiri Karatasi

Nyumbani kwa Bi Hamisa, kijijini Mnyuzi, mkwe wake Husna ndiye huamka wa kwanza. Huwasha moto, hupika vitumbua, kisha hukaa navyo kando ya barabara. Ikifika saa mbili vimekwisha.

Jumanne ile moto haukuwashwa. Mwanawe Mustapha, wa miezi saba, alilia mpaka sauti ikamkauka. Bi Hamisa alipoingia chumbani, alimkuta Husna amejikunja kitandani. Kanga mbili zilikuwa zimelowa damu.

"Mama, mimba imetoka," Husna alisema kwa shida.

Mimba? Bi Hamisa alishtuka. Hakujua hata kama ipo. Akatoka mbio, akafunga mlango, akamwita mwanawe Athuman, mume wa Husna.

"Tumpeleke kituo cha afya," Athuman alisema.

"Bila karatasi ya polisi? Umesahau yaliyompata kaka yako?"

Mwaka uliopita kaka yake Athuman alikatwa panga kwenye ugomvi wa shamba. Alipofika hospitali aliulizwa PF3, ile fomu ya polisi ya mtu aliyejeruhiwa. Tangu siku hiyo familia nzima iliamini kwamba penye damu lazima PF3 itangulie. Basi Athuman akapanda baiskeli, akaenda kutafuta polisi. Mke anamwaga damu, mume anafuata karatasi!

Bi Hamisa alibaki na mgonjwa. "Hiyo ni damu chafu," alimwambia. "Iache itoke."

Haikupita muda, hodi ikasikika. Alikuwa jirani yao Evodia, mhudumu wa afya wa kijiji.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Husna yuko wapi? Leo ametunyima vitumbua."

"Ana malaria. Amelala."

"Malaria? Basi nimwone, asije akazidiwa."

Evodia akaingia. Midomo ya Husna ilikuwa imepauka, mikono baridi, jasho linamtoka.

"Amelowesha vitambaa vingapi?" Evodia aliuliza.

"Saa hii moja tu, vitatu," Bi Hamisa alijibu.

"Mama yangu! Viwili kwa saa moja tayari ni hatari. Huyu anakufa, bibi! Athuman yuko wapi?"

"Amefuata PF3."

"PF3 ya nini? Nani kampiga?"

"Hakuna aliyempiga. Si damu hiyo?"

Evodia alishika kichwa. "Bibi, mimba ikiharibika, iwe imetoka yenyewe au mtu ameitoa, mama anapelekwa kutibiwa moja kwa moja. Ni haki yake. Wahudumu wanataka mgonjwa, hawataki karatasi!"

Akampigia simu Kasmiri mwenye bajaji. Wakamlaza Husna kiti cha nyuma, Evodia akampakata. Njiani Husna alimnong'oneza.

"Dada, nilichemsha mizizi nikanywa. Watanifunga?"

Evodia alishtuka, lakini hakumgombeza. "Mwambie muuguzi kila ulichokunywa. Anauliza ili ajue namna ya kukutibu. Ukimficha, anafanya kazi gizani."

Muuguzi Ritha aliwapokea mlangoni. Aliuliza, Husna akasema kweli. Hakuna aliyemtukana. Alitundikiwa maji, akapewa dawa. Tabibu alimpima, akakuta mabaki ya mimba bado yamo tumboni. Ndiyo yaliyofanya damu isikome. Akayatoa kwa kifaa maalumu. Damu ikapungua.

Hapo ndipo Athuman alipofika, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Polisi wamenishangaa," alisema. "Wameniuliza mgonjwa yuko wapi. Nikajibu yuko nyumbani. Wakaniambia, nawe umemwacha afe?"

"Wamesema kweli," Ritha alimjibu. "Mngechelewa saa moja zaidi, ungekuja kuchukua maiti."

Athuman aliketi sakafuni akalia. Mwanaume mzima, mbele za watu.

Kesho yake Husna aliweza kukaa. Ritha aliwaita mke na mume.

"Mkirudi nyumbani, angalieni. Akipata homa, tumbo likimuuma sana, akitoka uchafu wenye harufu mbaya, au damu ikiongezeka, mrudisheni siku hiyohiyo. Na mjue jambo lingine. Mimba nyingine inaweza kuingia ndani ya wiki mbili, hata kabla hajaona siku zake."

"Wiki mbili!" Athuman aliruka. Akamgeukia mkewe. "Husna, kwa nini hukuniambia una mimba?"

"Nilikuomba mara tatu twende kwenye uzazi wa mpango," Husna alisema taratibu. "Mara zote tatu uliniita malaya. Mtoto ana miezi saba, Athuman. Ningekwambia nini?"

Athuman alitazama miguu yake.

"Nisamehe, mama Mustapha."

Ritha alimweleza Husna njia zote za kupanga uzazi. Husna akachagua kipandikizi, kile kijiti cha mkononi, akawekewa kabla hajaondoka. Baada ya mwezi mmoja alirudi kwenye vitumbua vyake.

Mavuno yalipofika, wanawake walikusanyika kwa Bi Hamisa kupukuchua mahindi. Mmoja alinong'ona kuwa kuna binti kitongoji cha pili. Anatoka damu siku ya pili sasa, na mama yake anamficha ndani.

Bi Hamisa alisimama, mahindi yakamwagika.

"Siku ya pili? Na nyie mmekaa hapa mnapukuchua?"

"Ni aibu, Bi Hamisa. Mama yake hataki watu wajue."

"Aibu! Mnaiogopa aibu? Nisikilizeni. Husna hakuwa na malaria. Mimi ndiye niliyemfungia ndani huku damu inammaliza. Nilidhani naficha aibu, kumbe nilikuwa namchimbia kaburi mkwe wangu. Mwiteni Kasmiri!"

Husna, aliyekuwa ameketi katikati yao, ndiye aliyetoa simu.

Binti yule alitibiwa mchana uleule, akapona. Kwenye bajaji alikuwa amelaza kichwa mapajani mwa Bi Hamisa, na njia nzima bibi alimwambia neno moja tu: "Sema kweli, mwanangu. Sema kweli uishi."