Ndinda Hakimbilii Basi Tena

Ndinda aliuza machungwa Sultan Hamud, kando ya barabara ya Mombasa. Basi likisimama ng'ambo, alijaza kiondo haraka. Aliweka mkanda wa kiondo kwenye paji la uso, kama mama yake alivyomfundisha. Kisha alikatiza barabara mbio. Wauzaji wote walifanya hivyo, kwa sababu anayefika dirishani kwanza ndiye huuza.

Kivukio chenye mistari myeupe na matuta kilikuwa hatua mia mbili kutoka hapo.

"Nizunguke kwani mimi ni mbuzi wa kuchungwa?" Ndinda alipenda kusema. "Barabara ndiyo ilitukuta hapa."

Jumanne moja alikimbilia basi kama kawaida. Alipopiga hatua ya tatu barabarani, honi ililia. Alirudi nyuma, akaanguka. Lori la ng'ombe lilipita pale pale alipokuwa, likaponda machungwa yake. Lilisimama mbali mbele.

Dereva alishuka, akarudi kwa miguu. Alikuwa Kusow. Mkewe Mulki alikuwa na duka karibu na meza ya Ndinda.

"Kusow, ulitaka kuniua?"

"Ndinda, umenijia ghafla mbele ya lori." Kusow alimsaidia kuinuka. "Ningemwambia nini Mulki?"

"Mbona hukusimama?"

"Nilisimama! Nilikuona nikiwa pale kwenye nguzo ya stima, nikakanyaga breki. Haya, tupite kando ya barabara. Hesabu hatua kutoka nguzo hadi lori."

Ndinda alihesabu kwa Kikamba, bila haraka. Hatua tisini na sita.

"Umeona?" Kusow alisema. "Lori lenye ng'ombe ishirini halisimami kama punda. Na huo mkanda umekuinamisha kichwa. Unatazama vidole vya miguu. Gari utalionaje?"

Ndinda aliokota kiondo chake. Halafu akasema, "Kiondo nitabeba mkononi. Lakini nikizunguka mimi peke yangu, wenzangu watachukua wateja wote. Watoto wangu watakula nini?"

"Basi asikatize hata mmoja wenu. Kwani nani ana machungwa, nyinyi au basi?"

Jioni hiyo Ndinda aliwaita wauzaji wenzake. Kalekye, msichana mwenye mbio kuwashinda wote, alicheka.

"Mwaitu, mama yetu, ameogopa lori! Rudi kwenu Mbooni ukapalilie maharagwe."

"Ndiyo, nimeogopa. Wewe utaogopa ukiwa wapi? Mochari?"

Kalekye aliketi kusikiliza.

Walikubaliana kuhamisha meza hadi karibu na kivukio, na kungoja basi liwafuate huko. Atakayekatiza kwingine, siku hiyo hauzi. Anayevuka asimame ukingoni. Atazame kulia, kushoto, kisha kulia tena. Angoje magari yasimame kabisa, pande zote mbili. Kisha avuke akitembea.

Asubuhi basi lilisimama mahali pa zamani. Makanga alishuka, akaja nusu ya njia, akapiga mluzi.

"Akina mama! Leteni machungwa, tuna haraka!"

Hakuna aliyesogea.

"Mmekuwa wakubwa siku hizi?"

"Tulikuwa wakubwa tangu zamani," Ndinda alijibu kwa sauti. "Ukitaka machungwa, tuko hapa penye mistari."

Basi likaondoka. Kalekye alitaka kulifuata mbio. Ndinda alimshika leso. "Simama, mwanangu. Hata mimi machungwa yananiozea."

Siku tatu walirudi nyumbani na machungwa yao. Siku ya nne, abiria waligonga vioo vya basi. "Dereva, tuna kiu! Peleka basi kwa wale mama!" Basi likasogea polepole, likavuka matuta, likaegeshwa nje ya barabara.

Wauzaji walisimama ukingoni. Lori likapita. Pikipiki ikapita. Magari mengine yakasimama. Wakaanza kuvuka.

"Haya, mmeshinda!" makanga alipaza sauti. "Sasa kimbieni, basi!"

"Sikimbii," Ndinda alisema, katikati ya mistari myeupe. "Kama una haraka, ungekuja jana."