Diski ya Marehemu Ilipokataa Kufunguka, Walininyooshea Mimi Kidole

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na saba, mama wa mtoto mmoja wa kiume, Baraka. Nina duka dogo la steshenari hapa Lushoto mjini. Natoa fotokopi, nachapa barua za watu na kupiga picha za paspoti. Ninayowasimulia yamenipata mwenyewe.

Niliolewa na Danieli akiwa mgane. Mkewe wa kwanza, Naomi, alifariki kwa maradhi na kumwachia binti mchanga, Tumaini. Nilimpokea Tumaini bado anajifunza kutembea. Nilimbeba mgongoni nikishuka naye shambani kwenye kabichi, nikamfunika kwa kitenge changu ukungu ulipotanda. Akaniita mama. Danieli naye alikuwa mume mwema, hanywi wala hapigi.

Basi nilikuwa na nini cha kulalamikia? Nilikuwa na Naomi!

Msicheke, ndugu zangu. Marehemu huyo alikuwa mwimbaji wa kwaya, na shemeji mmoja mwenye kamera alimrekodi sana. Kwaya, harusi yao, siku za mwanzo za mtoto... vyote viliwekwa kwenye eksteno, ile diski ndogo nyeusi ya kuchomeka kwa waya. Kila Jumapili tukitoka ibadani, Danieli aliichomeka kwenye televisheni. Mama yake Naomi, Bibi Yunisi, alikuwa anakuja kutazama. Mimi nilimwamkia shikamoo, nikampa chai, kisha nikarudi jikoni kusikiliza sauti ya mke mwenzangu asiyezeeka.

Mtu utashindanaje na marehemu? Hanuni. Haunguzi maharage. Hanenepi. Danieli alikuwa anacheka mbele ya ile televisheni kicheko ambacho mimi sikuwahi kukipata hata siku moja... Nilikuwa namenya viazi huku moyo unaniwaka kama nimemeza kaa la moto.

Wivu ukinizidi, nilinuna hadi Jumatatu. Nikamkataza Danieli kuitoa ile diski siku nyingine yoyote. Na Jumapili moja, Bibi Yunisi akiwa anafuta machozi pale kwenye kochi, neno likaniponyoka: “Siku moja hicho kidude kitaharibika, na sisi tupumzike!”

Bibi Yunisi akaweka kikombe chini bila kumaliza chai.

Ukafika msimu wa kipaimara cha Tumaini. Ukoo ulikubaliana kwamba siku ya sherehe, wageni wakishakula, waonyeshwe mama yake akimwimbia alipokuwa mchanga. Jumamosi ya maandalizi, wanawake wakiwa uani wanachambua mchele, Danieli akachomeka eksteno. Televisheni ikasema haioni kitu. Akachomoa, akachomeka tena. Haioni!

Wote walinigeukia mimi. Yale maneno yangu ya Jumapili ile yalikuwa yamesimama katikati ya chumba.

Nikasema twendeni dukani nikaiangalie. Wakaja nyuma yangu: Danieli, Bibi Yunisi na Anjela, mdogo wake Naomi, ambaye tangu siku ya ndoa yangu hakuwahi kunipa mkono. Nikabadilisha waya. Nikahamia tundu la nyuma ya kompyuta, maana la mbele wakati mwingine halina nguvu. Nikajaribu kompyuta ya pili. Taa inawaka, ukiweka kiganja unasikia inazunguka, lakini kwenye orodha haitokei. Nikaingia kule ndani kompyuta inakoonyesha diski zote, hata zilizogoma. Nikaikuta! Ukubwa wake unasomeka, ila haina herufi ya kuifungulia. Nikaipa herufi. Ndipo kikatokea kisanduku kikiuliza: diski hii haiwezi kutumika mpaka ifomatiwe, je, uifomati?

Ndugu wasomaji... kidole changu kilikuwa juu ya mausi. Hawakujua maana ya swali lile. Nikibonyeza ndiyo, Naomi anafutika, harusi yake, sauti yake, vyote, na mimi nitasema kompyuta yenyewe ndiyo iliyotaka. Nilimwona Danieli anavyoangalia kile kidude kama mtu anayemwangalia mgonjwa wake, na wivu ukanipanda.

“Mbona umeganda?” Anjela akauliza. “Bonyeza basi!”

Nikabonyeza hapana. Nikachomoa waya. Nikawaambia isiguswe tena na mtu yeyote, ipelekwe Tanga kwa wataalamu wa kurudisha vitu vilivyopotea, na asitokee mtu wa kukubali kufomati.

Anjela akapiga makofi. “Mnamwona? Hataki ifunguke! Alisema itaharibika, imeharibika. Sasa anataka iende mbali tusiione tena!” Bibi Yunisi akanitazama, akasema taratibu kwa Kishambaa kwamba sasa nimemzika mwanawe mara ya pili.

Nikamgeukia mume wangu anitetee. Danieli alikuwa anaangalia sakafu.

Anjela akaondoka na eksteno. Jioni ileile vikasikika vigelegele barabarani: kijana mmoja wa kuuza muziki ameifungua! Wakaichomeka kwenye televisheni. Kweli ilifunguka... ikiwa tupu! Yule kijana aliulizwa lile swali nililoulizwa mimi, naye akajibu ndiyo.

Kilio kilichopigwa nyumbani kwangu, mtu angedhani kuna msiba mpya. Nani alilaumiwa? Mimi! Walisema kijana alikuta nimeshafuta, nikakataa kubonyeza ili ionekane ni yeye aliyefuta. Kipaimara kikafanyika bila nyimbo. Tumaini, mtoto niliyemnawisha makamasi, akanipita mlangoni na gauni lake jeupe asiniite mama. Siku iliyofuata Danieli akaniambia, tena bila kuniangalia, niende kwetu Mlalo kidogo mambo yapoe.

Nilifungasha nguo, nikamchukua mwanangu. Baba alinipokea bila swali. Mama aliuliza mara moja tu kama ni kweli nimeharibu. Nilipojibu hapana, akaniinjikia uji.

Lakini sikutulia. Nilijua jambo moja: diski iliyofomatiwa harakaharaka haijafutika yote, ilimradi hakuna aliyeweka kitu kipya juu yake. Nikampigia Danieli simu nikilia. Msiweke hata wimbo mmoja! Ifunge kwenye kitambaa, iweke kabatini! Akaitikia tu.

Baada ya wiki chache akaja mwenyewe, eksteno imefungwa kwenye leso. Tulikaa nje, chini kidogo ya nyumba. Akaomba maji, akanywa yote, kisha akasema:

“Mama Baraka, ile diski niliiharibu mimi.”

Sikuelewa. Akaeleza. Mchana mmoja nilipokwenda sokoni kununua karatasi, alibaki dukani kwangu. Akaichomeka kwenye kompyuta yangu ili ahamishie ile video ya Naomi na mtoto kwenye simu, awe anaitazama peke yake shambani. Ikiwa katikati ya kuhamisha, akasikia sauti yangu nje nikimwamkia jirani. Akaogopa nitanuna. Akaing’oa waya kwa nguvu.

“Na dukani siku ile, walipokuwa wananisema, ulikuwa unajua?”

“Nilijua.”

“Ukanyamaza?”

“Nilimwonea aibu mama mkwe... Nikaona wewe walishakudhania tayari.”

Walishakudhania tayari! Jamani, maneno hayo yalinikata kuliko matusi yote ya Anjela. Mume wangu alinifanya gunia la kubebea aibu yake. Na mbaya zaidi, katikati ya uchungu ule, wivu haukuniacha: alitaka kumtazama Naomi hata kule kwenye matuta, peke yake!

Nilikwenda Tanga na ile diski. Fundi alichukua siku nyingi. Harusi haikupatikana, na nyimbo nyingi za kwaya zilitoka vipandevipande. Mafaili yalirudi bila majina, ikanibidi nikae niyafungue moja moja. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kumwona. Naomi ameketi kitandani, nywele hazijasukwa, kanga imelowa maziwa, mtoto analia. Anaimba kidogo, anakohoa. Halafu anamfokea Danieli: “Acha hiyo kamera, niletee nepi!”

Nililia pale kwa fundi mpaka akaniletea kiti kingine nikae vizuri. Huyu ndiye niliyemwogopa miaka yote? Alikuwa mama aliyechoka.

Nilimwambia Danieli nitarudi kwake siku atakayosema mbele ya Bibi Yunisi yale aliyoniambia Mlalo. Ilimchukua muda. Hatimaye aliwaita wote sebuleni, akasimama, akaanza kunong’ona. Bibi Yunisi akamkatiza: “Sema kwa sauti, baba. Mwenzako tulimsema kwa sauti.” Akasema. Anjela akatoka nje na hajaniomba radhi mpaka leo. Tumaini alinishika mkono, akauliza kama anaweza kuona ile video. Nilimchomekea mwenyewe, na safari hii sikwenda jikoni.

Nimerudi kwa mume wangu, lakini sitawadanganya kwamba yamekwisha. Kuna siku namwangalia Danieli akila, nakumbuka alivyokuwa anaangalia sakafu.

Dada zangu, na nyie akina kaka, nawasihi! Vitu vya thamani msiviweke mahali pamoja tu. Wekeni na kwingine, na kompyuta ikiwauliza kufomati, semeni hapana. Lakini zaidi ya yote, msiufanye wivu wenu kuwa polisi wa nyumba. Mtu akikuogopa atajificha, na akijificha ataharibu, na siku ya kuulizwa atakuacha usimame peke yako. Mimi yamenipata. Wewe unayesoma, kama yupo unayemwonea wivu hivi sasa, mwambie mwenzako leo, kwa upole, kabla hujanuna.