Fundi wa Lifti Msituni

Saa ya kutazama wagonjwa, ukumbi wa hospitali hujaa mpaka unakanyagwa na mtu usiyemjua na hakuna wa kukuomba radhi. Siku hiyo lifti ilikuwa imefungwa kwa kufuli, na mlangoni kuna kibao: FUNDI YUKO NDANI. Mkunga wa zamu, dada wa miaka thelathini, sare ya buluu na raba nyeupe, alisimama mbele ya kibao hicho akisukuma kitanda cha magurudumu. Juu ya kitanda alilala mama aliyekuwa anakaribia kujifungua.

"Wewe uliye ndani," Mkunga alisema akigonga mlango. "Huyu mtoto hasubiri."

Sauti ikatokea chini ya sakafu. "Dakika tatu, dada."

"Unamwambia nani, mimi au mtoto?"

Kwenye kijilango cha shimo la lifti, pembeni, akatoka mwanamume mrefu, ovaroli imelowa grisi. Alifungua kufuli, akaingiza kitanda, akapanda nacho hadi ghorofa ya nne huku kiganja kiko ukutani mwa lifti kana kwamba anaipima homa. Mtoto alizaliwa salama. Mkunga alipotoka kazini jioni, Fundi alikuwa bado pale pale, ameshanawa uso.

"Bado mbovu?"

"Lifti nzima kabisa. Mimi ndiye niliyeharibika."

Mkunga alicheka bila kutaka, na hapo ndipo alipoponzeka.

Mwaka mzima walipendana kwa simu kuliko kwa macho. Fundi alihudumia lifti za majengo kumi na mawili, na lifti zina tabia ya kukwama siku ya mapumziko. Safari ya kwenda hifadhi ya msitu wa pwani, kwenye ile miti mikubwa ambayo watu hutoka mbali kuja kuitazama, waliipanga mara nne. Mara nne gauni la njano la Mkunga likapigwa pasi, likarudi kabatini.

"Kipenzi changu, usikasirike."

"Jengo gani leo?"

"Benki. Watu watatu wamekwama ndani."

"Na mimi niliyekwama nje je?"

Mara ya tano wakafika. Safari hii Mkunga alikuwa na barua kwenye mkoba. Alikuwa amepandishwa cheo, akaongoze wodi ya wazazi katika mji mdogo ulio mwendo wa saa tisa kwa basi, na jibu lilitakiwa Jumatatu. Mji wenyewe haukuwa na jengo linalozidi ghorofa moja. Hakuna ghorofa hakuna lifti, na bila lifti Fundi hana kazi. Alitaka kumweleza siku hiyo, kisha asikie kwa masikio yake kama mtu huyu ana mpango naye au anampotezea muda.

Msituni njia ilikuwa ya mchanga. Bahari haikuonekana, lakini mawimbi yalisikika nyuma ya majani. Mashina yalikuwa mapana kiasi kwamba watu sita wasingeyazungushia mikono, na mizizi ilisimama juu ya ardhi kama kuta, mingine ikimpita mtu kimo. Ngazi ya mbao ilipanda kwenye mti wa kwanza hadi usawa wa ghorofa ya tatu. Kutoka hapo daraja la kamba za chuma lilivuka mpaka kwenye jukwaa lililozunguka shina la mti mkubwa kuliko yote. Walipanda hadi kwenye mlango wa daraja hilo.

"Hebu tazama," Mkunga alisema, ameinua shingo mpaka miwani ikamteleza.

"Nimeona," Fundi akajibu. Alikuwa anatazama bolti zilizoshika kamba za daraja.

"Nina jambo la kukuambia. La maana."

"Nakusikiliza, laazizi." Akapiga magoti, akatoa tochi kwenye begi. "Ona kutu hii. Nani anakagua hapa?"

Mkunga alikitazama kisogo chake. Mwaka mzima amekuwa akiongea na kisogo hicho, na sasa kilimchosha. "Begi la spana umekuja nalo la nini?"

"Siwezi kuliacha, unajua."

"Najua. Mimi ndiye unayeweza kuniacha."

"Ngoja nitazame kwa chini. Dakika tatu tu."

Akashuka. Mkunga hakungoja hata moja. Alivuka daraja peke yake, hatua za hasira, gauni likipepea, akazunguka lile shina kubwa na kuketi upande wa pili, mgongo umeegemea mti. Machozi yalimlenga, akayakataza.

Fundi alipokwisha kukagua alirudi juu mbio. Bolti iliyoshika kamba ya kulia ilikuwa imepasuka. Hakumwona Mkunga. Katika kazi yake mtu hafungi njia kabla ya kuita mara tatu, kwa hiyo akaita.

"Kuna mtu? Kuna mtu huko? Kuna mtu?"

Mkunga aliisikia mara zote tatu. Mtu? Baada ya mwaka mzima, yeye ni mtu tu? Akabana midomo, akanuna.

Fundi akaamua kwamba mpenzi wake amekasirika na kurudi getini. Alitoa kufuli lake kwenye begi, akafunga mlango wa daraja, akatia ufunguo mfukoni na kwenda kumtafuta askari wa hifadhi.

Baada ya nusu saa simu ya Mkunga ikalia.

"Uko wapi wewe?" Fundi aliuliza. "Nimekutafuta getini, nimemtuma hata dada wa tiketi akutazame chooni."

"Niko juu ya mti. Kuna mtu kanifungia kwa kufuli."

Fundi aliupapasa ufunguo mfukoni. "Mbona hukuitika? Niliita mara tatu."

"Uliita mtu. Hukuniita mimi."

"Ndiyo sheria ya kazi, mpenzi."

"Njoo unifungulie."

"Siwezi. Bolti imepasuka, ulivuka kwa bahati. Nakuomba usisogee hapo ulipo."

Bolti mpya ilikuwepo stoo, ila mtunza stoo alikuwa ameondoka na ufunguo, na askari naye alitaka kwanza fomu isainiwe na mkuu wake. Saa mbili zikapotea hivyo. Fundi alirudi chini ya ule mti mkubwa, akapanda juu ya mzizi, maana huko msituni ni hapo tu mtandao uliposhika. Akishuka, simu inakatika. Walitazamana kwa mbali, kila mmoja na simu sikioni.

"Una hasira?"

"Nina hasira, nina kiu, na nina barua." Akamsomea yote, mpaka jina la aliyesaini.

"Kwa hiyo ulikuja kuniaga."

"Nilikuja kukusikiliza. Mwaka mzima nangoja useme neno moja, nijue nibaki au niende. Kila nikifungua mdomo, umeshaingia shimoni."

"Naogopa," Fundi alisema. "Kamba ikiwa mbovu naiona. Wewe sijui nikukague wapi."

"Mimi sikaguliwi. Mimi naulizwa."

"Basi nakuuliza. Utakubali nikuoe?"

Moyo ulimruka Mkunga, naye akaudhika kwamba umeruka. "Huoni haya? Umenifungia juu ya mti, ndiyo unaniuliza? Sijibu kitu. Nishushe kwanza."

Bolti ilipofika, Fundi aliifunga, akaikaza mara tatu. Akavuka yeye kwanza, na katikati ya daraja akaruka mara mbili kulijaribu. Mkunga alifumba macho. Alipoyafumbua, Fundi alikuwa mbele yake, grisi mpaka kwenye nyusi, na hakuthubutu kumgusa.

Walishuka, wakaenda mpaka getini, Mkunga mbele, mgongo wa gauni umekuwa kijani kwa ukungu wa mti. Nje ya geti basi lilikuwa linapakia. Hapo akasimama.

"Sasa niko chini, na naweza kuondoka. Uliza."

Fundi aliuliza tena.

"Nakubali," Mkunga alisema. "Na Jumatatu naikubali na barua. Wodi ile siiachi. Ukitaka kulirudisha swali lako, lirudishe."

Fundi aliketi kwenye benchi la geti, begi magotini. Majengo kumi na mawili, miaka kumi na minne ya kujulikana kwa jina moja, fundi wa lifti. "Na mimi huko nitakuwa fundi wa nini?" aliuliza kwa uchungu.

"Sijui."

Hakumbembeleza, maana hakutaka kumdanganya. Basi likapiga honi, likaondoka bila wao.

"Hiyo hospitali yenyewe ina nini?" Fundi aliuliza baadaye, bado amenuna.

"Vitanda ishirini. Tangi la maji linavuja. Jenereta ipo, lakini imekufa tangu mwaka juzi. Wanazalisha kwa tochi."

Fundi aliinua kichwa. Alijaribu kuendelea kununa, akashindwa.

"Imekufaje? Haiwaki kabisa, au inawaka halafu inazima?"

Mkunga akaketi kando yake, akaanza kumweleza.