Kuku Aliyewahiwa na Kisu

“Kuku au bustani! Chagua kimoja!” Baba alifoka, mkononi ameshika mche wa waridi uliong’olewa pamoja na mizizi yake.

“Nichague nini?” Mama alijibu bila kuinua macho kwenye cherehani yake. “Kuku wangu wanataga. Waridi lako linataga?”

“Linaniletea wateja! Mtu akitaka nimtengenezee bustani, anakuja kwanza kutazama ya kwangu. Aone nini? Mashimo ya kuku wako?”

“Basi wafundishe kupita kwenye njia ya mawe.”

Siku nyingine mtoto wao Kasuku angecheka. Walimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Lakini Jumamosi hiyo alifagia ua kimya. Ugomvi ulikuwa umeingia kila chumba. Wasipofokeana, wazazi wake walizungumza kwa kupitia watoto tu: “Mwambie baba yako chai tayari.” “Mwambie mama yako nimesikia.”

“Wakiingia bustanini tena, nitajua la kufanya,” Baba alisema, kisha akaondoka kwenda kununua mbolea.

Kasuku alitaka yaishe. Stoo haikufungwa, na kwenye rafu kulikuwa na kopo la unga wa kuulia wadudu, lenye picha ya fuvu. Alikwisha kukatazwa kuligusa. Alipolifungua, harufu ilimchoma pua. “Hata kuku hawezi kuivumilia harufu hii,” aliwaza. “Wataikimbia wenyewe.” Akaunyunyiza unga kwa mkono kuzunguka miche, kama mtu anayetia chumvi, akaurudisha udongo juu yake kidogo. Alirudisha kopo mahali pake, akanawa kwa maji matupu.

Kuku hawakuijali harufu. Waliingia bustanini kama kawaida yao, wakachakura na kudonoa. Kasuku alipowaona aliwafukuza kwa ufagio, lakini midomo yao ilikuwa imejaa udongo.

Baadaye ua ulinyamaza. Mtetea mwekundu alisimama karibu na mlango wa jiko, mabawa yamelegea, ute unamdondoka. Alijaribu kutembea, akaenda upande kama mlevi.

“Kideri hicho!” Mama aliruka kutoka kwenye cherehani. “Kisu, haraka, kabla hajawa kibudu!”

Katika nyumba ile, kama katika nyumba nyingi, kuku mgonjwa hakuachwa afe bure. Kisu kilimwahi. Kasuku ndiye aliyeshika miguu, akaihisi ikitetemeka viganjani mwake.

“Mama...”

“Maji ya moto! Kuku hanyonyoki kwa maneno.”

Baba aliporudi, harufu ya vitunguu ilikuwa imejaa nyumba nzima. Alichungulia jikoni. “Leo kuna nini?” aliuliza, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alimuuliza Mama mwenyewe kwa upole.

“Mmoja wa maadui zako,” Mama alisema.

Baba alicheka. Mama naye akashindwa kujizuia, akacheka hadi mwiko ukamponyoka. Mdogo wake Kasuku, aliyeitwa Kibonge, aligonga sahani kwa kijiko: “Firigisi yangu! Firigisi yangu!”

 Amani aliyoitaka Kasuku ilikuwa imekuja, nayo ilikuwa inachemka ndani ya sufuria. Huko nje jogoo alianza kuwika. Sauti ikakatika katikati.

“Kasuku, mpelekee bibi yako mchuzi kabla haujapoa,” Mama alisema akimpa bakuli. “Mzee ndiye anayeanza.”

Bibi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu imefunikwa kwa shuka. “Mbona leo nyumba imepoa?” aliuliza. “Nani kakukata ulimi, mjukuu wangu?”

Kasuku alimkabidhi bakuli. Akisema, vita vitaanza upya, na safari hii yeye ndiye atakayekuwa katikati. Asiposema... Bibi alichota mchuzi, akaupuliza. Mvuke ulipanda usoni mwake. Kijiko kilikaribia mdomo.

Kasuku aliupiga mkono ule. Bakuli likaanguka, mchuzi ukamwagika sakafuni.

“Msile!” alipiga kelele. “Nimetia sumu bustanini! Kuku amekula sumu!”

Sebuleni kiti kilianguka. Baba alimpokonya Kibonge firigisi. “Umekula? Fungua mdomo!”

“Sijala!” Kibonge alilia. “Nilikuwa naipuliza tu!”

Kasuku alieleza yote, kwa mara ya kwanza bila kuongeza chumvi. Baba aliinamisha kichwa. “Stoo niliiacha wazi mimi,” alisema.

Mama hakufoka. “Kanawe kwa sabuni mpaka viwikoni, kisha urudi hapa.” Kasuku aliporudi, alimkalisha mbele yake. “Kugusa ulichokatazwa ni kosa. Lakini kuona sufuria inachemka ukanyamaza, hilo ni kubwa zaidi. Kuku ameponzwa na unga. Sisi tungekufa kwa ukimya wako. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nami nina langu: nilikimbilia kisu kabla ya kuuliza kuku ameugua nini. Kuanzia leo, mnyama mgonjwa hapikwi hapa.”

“Niliogopa mtagombana tena,” Kasuku alinong’ona.

Wazazi walitazamana. Bibi alikuwa amesimama mlangoni, mkono ukutani. “Afadhali wazazi wanaogombana kuliko wazazi waliozikwa,” alisema.

Mama aliinuka. “Tunaweka wavu. Leo hii. Miche michanga ikae ndani ya wavu. Kwenye vichaka vilivyokomaa, udongo ukishakuwa safi, kuku wapite wakidonoa wadudu wako, na hilo kopo halitakuwa na kazi.”

“Na waridi?” Baba aliuliza.

“Lizungushie mawe makubwa shinani. Hawatafukua.”

Baba alifikiri kidogo. “Ungesema hivyo wiki iliyopita.”

“Ungeniuliza wiki iliyopita.”

Wali mkavu ukaliwa kwa kusimama. Baba alimpigia simu afisa mifugo, akavaa glavu, akaukomba udongo wenye sumu na kuutia kwenye gunia. Kuku waliobaki walifungiwa bandani. Nyama, mchuzi na mayai ya siku hiyo vilifukiwa kwenye shimo refu nyuma ya nyumba. Kopo lilifungiwa stoo, na ufunguo ukaingia mfukoni mwa Mama.

Kasuku alikuwa ameshika nguzo ya kwanza, Baba akiigongomea, waliposikia kishindo kidogo bandani. Jogoo alikuwa ameanguka, miguu inapigapiga hewa.

Kibonge alikimbia jikoni kwa mazoea, akarudi mbio. “Mama, kisu hiki hapa!”

Mama alimtazama jogoo, kisha akamtazama Kasuku.

“Kirudishe,” alisema. “Lete jembe.”